Shilingi ya Kabiro na Safari Yake Hadi Hazina

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yamfaa tajiri mwenye maghala, na yamfaa pia mama mwenye meza moja ya nyanya. Lakini yaifaa Serikali kupita wote, kwa maana mali ya Serikali si ya mtu mmoja. Ya mtu mmoja ikipotea, mwenyewe hulia. Ya umma ikipotea, watu wengi huumia bila hata kujua kilichowapata.

Kabiro ni mojawapo ya wadi tano za jimbo la Dagoretti Kaskazini, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Wadi nyingine ni Kawangware, Gatina, Kilimani na Kileleshwa. Mtu akitoka huko akaivuka barabara ya Ngong na kushika njia ya kusini, hufika Kibera. Katika sehemu hizi watu ni wengi, vyumba ni vidogo, na hapana mwendo mfupi usio na duka, kinyozi, fundi cherehani, mwuza makaa au mama wa mboga. Wengi wao ni walipaji wa Serikali. Mwenye duka hulipia kibali cha biashara. Mwenye meza sokoni hulipa ushuru wa soko. Mwenye ploti hulipa kodi ya ardhi, na hulipia maji yanayotoka katika mfereji wa uani.

Malipo ya mmoja mmoja ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Swali ni hili: fedha hiyo ikisha kutoka katika simu ya mlipaji, hupita wapi, huandikwa namna gani, na kwa nini mara nyingine mtu hulipa kweli na hali daftari linasema hajalipa? Yafaa jambo hili lifahamike, kwa kuwa mtu asiyeijua njia ya fedha yake hawezi kuidai inapopotea njiani.

KUTOKA KARATASI HADI SIMU

Desturi ya kuilipa Serikali na kupewa cheti si ngeni. Kodi ya nyumba ilianzishwa katika nchi hii mwaka 1901, wakati ilipoitwa East Africa Protectorate. Kodi hiyo ilikuwa mzigo mzito kwa Waafrika, nao hawakuulizwa walipotozwa wala fedha ilipotumiwa. Hata hivyo iliwafundisha wazee jambo moja ambalo hawakulisahau: aliyelipa akapoteza stakabadhi yake alikuwa hatarini kuhesabiwa sawasawa na asiyelipa kabisa. Kwa hiyo karatasi ile ndogo ilitunzwa kama kitu cha thamani.

Kwa miaka mingi baadaye, fedha za Serikali zilipokewa kwa mkono. Karani aliandika risiti katika kitabu chenye kaboni. Nakala ya juu alipewa mlipaji, na nakala ya chini ilibaki kitabuni. Jioni karani alihesabu fedha iliyokuwamo sandukuni, akajumlisha nakala, na jumla zote mbili zikilingana alikwenda nyumbani kwa amani. Kisha fedha ilipelekwa benki pamoja na hati ya kuiweka, na hati hiyo ikagongwa mhuri. Mtindo huo ulikuwa rahisi kufahamika, lakini ulikuwa na mianya. Mtu mwovu aliweza kuwa na kitabu cha pili cha bandia, au kuandika shilingi 500 katika karatasi ya juu na 50 katika ile ya chini.

Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na Wakenya wakazoea upesi kupeleka fedha kwa simu. Mwezi wa Machi mwaka 2013 Baraza la Jiji la Nairobi likafuatwa na Serikali ya Kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010, na mwaka 2014 kaunti hiyo ikaanza kupokea malipo kwa njia ya elektroniki kupitia JamboPay. Mwaka 2020 kazi kadhaa za kaunti zikahamishiwa Serikali ya Taifa, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikapewa kazi ya kukusanya mapato ya jiji. Mpango huo wa uhamisho ulikwisha mwaka 2022. Nayo Serikali ya Taifa, katika mwaka 2023, iliagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen kwa namba moja ya 222222, mahali pa namba nyingi zilizokuwa zikitumika kabla yake.

Katika miaka hiyo michache, basi, mlipaji yule yule wa Kabiro aliona njia ya kulipa ikibadilika mara kadhaa. Na kila daftari linapobadilishwa, hesabu za zamani hazina budi kubebwa na kupelekwa katika daftari jipya, jina kwa jina na deni kwa deni. Kazi hiyo ni kama kuhama nyumba: kitu kisichofungwa vizuri huweza kudondoka njiani. Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara haitupi risiti ya zamani ati kwa kuwa mfumo mpya umekuja.

MASWALI MATATU YA DAFTARI

Fedha inapoingia, daftari la Serikali huuliza maswali matatu. La kwanza, fedha iko wapi? La pili, ni ya nani? La tatu, ni ya nini? Hesabu haijakamilika mpaka maswali yote matatu yamejibiwa.

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, jina lake Luca Pacioli, alichapisha katika mji wa Venice kitabu cha hesabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka madaftari yao. Kanuni yao ilikuwa kwamba kila fedha iandikwe mara mbili. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hata leo katika mashirika na katika hazina nyingi za dunia, iwe hesabu huwekwa kwa kalamu au kwa kompyuta.

Mathalan, mwenye ploti katika Kabiro analipa shilingi 1,000 za maji. Katika upande mmoja, mhasibu huandika kwamba fedha iliyoko benki imeongezeka kwa shilingi 1,000. Katika upande wa pili, huandika kwamba deni la mwenye ploti huyo limepungua kwa shilingi 1,000. Pande mbili hizo sharti ziwe sawa, kama vitanga vya mizani. Upande wa kwanza hujibu swali la fedha iko wapi. Upande wa pili hujibu ni ya nani na ni ya nini.

Sasa msomaji ataona mahali ambapo taabu huanzia. Simu hujibu swali la kwanza kwa upesi sana. Mara fedha inapotoka, ujumbe huja kumwambia mlipaji kwamba fedha imepokewa, pamoja na msimbo wa herufi na tarakimu. Mlipaji hufurahi, akaona kazi imekwisha. Lakini ujumbe ule unathibitisha tu kwamba fedha imefika katika mfuko wa mpokeaji. Ni ya nani na ni ya nini, hilo hujibiwa na kitu kimoja tu: namba ya akaunti ambayo mlipaji ameiandika kwa kidole chake mwenyewe baada ya namba ya Paybill.

FEDHA ISIYO NA JINA

Namba hiyo ikiwa sahihi, kompyuta humtafuta mteja wake, huipunguza bili yake, na hutoa risiti, yote hayo pasipo mkono wa mtu. Ikiwa namba haijulikani, fedha hairudi yenyewe, wala haitupwi. Imekwisha kuingia benki, kwa hiyo upande mmoja wa mizani umekwisha kushuka, nao upande wa pili hauna budi kupata uzito uo huo. Ndipo huandikwa katika hesabu ya kusubiri, yaani mahali pa kuwekea malipo ambayo mwenyewe hajatambulikana. Hapo hukaa siku, mwezi, au hata mwaka, mpaka mtu aje aidai au karani aichunguze.

Makosa yanayoipeleka fedha huko ni ya kawaida mno. Mmoja huandika namba yake ya simu mahali pa namba ya bili. Mwingine huandika jina lake, akidhani ofisi inamjua. Wa tatu hutumia namba ya bili ya mwaka uliopita. Wa nne humtuma kijana wa dukani amlipie, naye kijana, kwa haraka, huacha tarakimu moja.

Lipo kosa baya kuliko yote hayo, nalo ni lile lisiloonekana kuwa kosa. Mtu akigeuza tarakimu mbili, na namba iliyopatikana ikawa ni namba halisi ya mteja mwingine, kompyuta haina sababu ya kushuku. Fedha haikai katika hesabu ya kusubiri. Huingia moja kwa moja kwa jirani asiyejulikana, bili yake ikapungua, naye labda akanyamaza kwa kudhani ni baraka. Aliyelipa hubaki na deni lake lote.

Katika Kabiro na Kawangware jambo kama hilo halimwumizi mtu mmoja. Ploti nyingi zina vyumba vingi na mfereji mmoja, na akaunti ya maji huwa katika jina la mwenye ploti. Wapangaji humpa yeye fedha ya maji pamoja na kodi ya nyumba. Ikiwa malipo yake yamekwama katika hesabu ya kusubiri, bili huendelea kukua, na siku moja fundi huja kuufunga mfereji. Hapo wanaochukua madumu kwenda kutafuta maji ya kununua ni akina mama ambao wamelipa kwa wakati, na ambao hawakuiona hata mara moja ile namba iliyokosewa. Mwenye ploti akikimbilia ofisini na ujumbe wa simu mkononi, karani huweza kumjibu kwa kweli kabisa, “Mzee, fedha yako imefika, ila haijaandikwa kwako.”

KWA NINI KARANI HAKISII

Watu wengi hukasirika wanapoambiwa hivyo. Husema: Jina langu liko katika ujumbe wa malipo, kiasi ni kile kile cha bili yangu, mbona karani asiniandikie tu? Lakini katika mji mkubwa majina hufanana, na viwango vya malipo hufanana zaidi. Walioombwa kulipa kiasi kimoja kwa kibali cha aina moja huweza kuwa mamia. Karani akianza kukisia, leo atampa fedha mwenyewe, kesho atampa mwingine, na kesho kutwa atampa rafiki yake. Fedha isiyo na jina ni kishawishi kikubwa kwa mtu asiye mwaminifu, kwa sababu mwenyewe hayupo kuilinda. Kwa ajili hiyo wakaguzi wa hesabu huiangalia hesabu ya kusubiri kwa jicho kali, na huuliza juu ya kila fedha iliyokaa humo muda mrefu.

Kwa hiyo kusahihisha kuna utaratibu wake. Mlipaji hutoa msimbo wa malipo, tarehe, saa, kiasi, namba ya simu iliyotumika, na namba ya akaunti iliyokusudiwa. Karani huyalinganisha hayo na orodha yake, kisha huandika hati ya kuhamisha fedha kutoka hesabu ya kusubiri hadi akaunti ya mteja. Katika ofisi yenye utaratibu mzuri hati hiyo huidhinishwa na mtu wa pili, wala si yule aliyeiandika. Nayo maandishi ya kwanza hayafutwi. Katika daftari jema hakuna kinachofutwa; kosa husahihishwa kwa maandishi mengine yanayoonekana, ili mkaguzi atakayekuja baadaye aone lililotendeka, na nani aliyelitenda.

Ikiwa fedha imeingia kwa mteja mwingine, shida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mteja huyo naye ana haki ya kuulizwa kabla hesabu yake haijaguswa. Ndiyo maana mlipaji anayegundua kosa lake jioni ile ile hupata msaada upesi kuliko yule anayengoja mpaka mfereji ufungwe.

AMANA SI MAPATO

Swali la tatu, fedha ni ya nini, nalo lina uzito wake. Si kila fedha inayopokewa na ofisi ya umma ni mali ya ofisi hiyo. Mtu anayeomba kufungiwa maji huweka amana kabla ya kupata mita. Fedha hiyo ni yake bado. Siku atakapohama na kulipa bili yake ya mwisho, ana haki ya kurudishiwa kilichobaki. Hali kadhalika, mtu aliyeshtakiwa katika Mahakama ya Kibera akipewa dhamana ya fedha taslimu, fedha inayowekwa si faini. Hushikwa na Mahakama mpaka kesi iishe, na mshtakiwa akiyatimiza masharti yake, hurudishiwa aliyeiweka.

Mhasibu akiiandika amana kama mapato, kosa lake halionekani siku ile. Jumla ya benki ni sawa, na mizani imelala sawa. Lakini ofisi itajiona tajiri kuliko ilivyo, itaitumia fedha ya watu, na siku mwenyewe atakapokuja na stakabadhi yake hapatakuwa na kitu cha kumpa. Kwa hiyo amana huandikwa kama deni ambalo ofisi inadaiwa na mteja, na huwekwa mbali na mapato.

Mlipaji naye ana la kuangalia hapa. Amana hurudishwa kwa yule ambaye jina lake liko katika stakabadhi. Ndugu watatu wakichanga dhamana ya mdogo wao, kisha wakamwachia jirani aende kuilipa kwa jina lake, wajue kwamba mbele ya daftari mwenye fedha ni jirani.

KUTOKA BENKI HADI MFUKO WA MAPATO

Katika ibara ya 207, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba kila kaunti itakuwa na Mfuko wa Mapato, na kwamba fedha zote zinazokusanywa au kupokewa na kaunti zitaingizwa humo, isipokuwa zile zilizoondolewa kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaagiza mfuko huo uwekwe katika akaunti ya Benki Kuu ya Kenya. Ushuru wa meza ya sokoni Kawangware, basi, haupasi kutumiwa pale pale sokoni na aliyeukusanya, hata kama soko lenyewe lina shimo linalotaka kuzibwa leo. Sharti uende kwanza katika Mfuko, nao hautoki humo mpaka Msimamizi wa Bajeti ameidhinisha. Njia hiyo ni ndefu, lakini imewekwa kwa makusudi: fedha iliyotumiwa kabla ya kuandikwa haiwezi kukaguliwa.

Kazi ya kukusanya hufanywa na mfumo mmoja wa kompyuta, na hesabu kuu za Serikali huwekwa katika mfumo mwingine uitwao IFMIS, ulioanza kuingizwa nchini mwaka 2003. Jumla za mfumo wa kwanza hazina budi kupelekwa katika ule wa pili. Mahali pale zinapoungana ni kama kiungo cha mabomba mawili. Maji yakivuja, mara nyingi huvuja hapo. Ndipo panapohitajika kazi ambayo wahasibu huifanya kimya kimya, nayo ni kulinganisha hesabu.

Mfano huu utaonyesha maana yake. Tuseme katika siku moja orodha ya kampuni ya simu inaonyesha malipo 412. Taarifa ya benki inaonyesha jumla ya fedha za malipo 412 hayo hayo. Daftari la wateja linaonyesha malipo 405 yaliyoandikwa katika akaunti za watu, na hesabu ya kusubiri ina malipo 7. Mia nne na tano na saba ni 412, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Wapo watu saba tu wa kutafutwa. Lakini daftari la wateja likionyesha 406 pamoja na yale 7, ni dhahiri kwamba lipo lipo moja lililoandikwa mara mbili, au mtu amepunguziwa deni pasipo fedha kuingia. Tofauti ya shilingi chache yafaa itafutwe sawasawa na tofauti ya milioni, kwa maana huenda hizo chache ni mlango tu wa kubwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mtu anayelipa usiku wa tarehe 30 Juni huweza kuonekana katika orodha ya simu siku hiyo na katika taarifa ya benki siku ya pili yake. Mhasibu mzuri huiandika tofauti hiyo na kuieleza. Baada ya mwaka kufungwa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita, yaani mpaka mwisho wa Desemba, kuzikagua hesabu na kutoa taarifa yake.

WADANGANYIFU NA NAMNA YA KUWAKWEPA

Palipo na foleni na maneno magumu, hapakosi mtu wa katikati. Humwendea mwenye duka na kumwambia: Nipe fedha mkononi, nitakulipia kibali, ninawajua wakubwa. Baadaye huleta karatasi nzuri yenye nembo, au huonyesha ujumbe wa simu alioutunga mwenyewe. Mwenye duka huitundika karatasi ukutani, na siku maofisa wanapokuja kukagua, namba iliyomo haionekani katika daftari. Fedha ya mtu huyo haikukwama katika hesabu ya kusubiri, haikufika kabisa.

Dawa ya ulaghai huo ni moja tu: mlipaji asiitazame karatasi, bali alitazame daftari. Namba ya kibali au ya risiti huweza kuulizwa ofisini au katika mfumo wenyewe. Ikiwamo, amelipa; isipokuwamo, ameibiwa, nayo heri alijue jambo hilo mapema.

Ofisi nazo zina wajibu wa kupunguza makosa mlangoni. Mfumo wa kupokea malipo huweza kupangwa uikague namba ya akaunti kabla ya kuipokea fedha, na namba isiyokuwamo ikataliwe, fedha ibaki katika simu ya mwenyewe. Tena iko hila ya zamani dhidi ya tarakimu zilizokosewa. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, fundi wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliomba hataza ya kanuni ambayo kwayo tarakimu ya mwisho ya namba hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Mtu akikosea tarakimu moja, hesabu hukataa. Akigeuza mbili zilizofuatana, karibu kila mara hukataa pia. Kanuni hiyo hutumika katika kadi za benki duniani kote. Akaunti za maji na vibali zikipewa tarakimu kama hiyo, makosa mengi yatazuiwa kabla ya fedha kusafiri.

YAMPASAYO MLIPAJI, NA HAKI YAKE

Mlipaji wa Kabiro, awe na ploti au meza ya sukuma wiki, anaweza kujilinda kwa mambo machache. Aisome namba ya akaunti kutoka katika bili yenyewe, wala si kutoka kichwani. Aisome mara ya pili kabla ya kutia namba ya siri. Asiufute ujumbe wa malipo. Auandike msimbo wake, tarehe na kiasi katika daftari dogo la nyumbani, kwa kuwa simu huibwa na huharibika. Baada ya siku mbili au tatu aulizie salio la akaunti yake, aone kama limepungua. Likiwa halijapungua, aende ofisini mara hiyo hiyo, wala asingoje barua. Nao wapangaji hawana kosa kumwomba mwenye ploti awaonyeshe salio la maji, kwa maana fedha ni yao na kiu ni yao.

Katiba nayo haikumwacha mlipaji mikono mitupu. Ibara ya 201 inaagiza uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza jinsi ya kuziomba. Ibara ya 47 inataka maamuzi ya ofisi yawe ya haki na ya upesi. Mtu aliyelipa anapouliza fedha yake iko wapi, haombi hisani, bali anaomba daftari lisomwe.

Tena swali lake lina faida kwa wengine. Kila malipo yanayotolewa katika hesabu ya kusubiri na kuandikwa mahali pake humwondolea mtu mmoja deni lisilo lake, na huipa kaunti hakika ya fedha iliyo nayo. Kwa fedha hiyo mifereji ya maji machafu huzibuliwa, taa za njiani huwashwa, na dawa hununuliwa kwa zahanati. Siku ya kulipa, kwa hiyo, dakika moja ya kuisoma namba kwa makini ni kazi ya uraia, na siku ya pili yake, kuuliza kama fedha imeandikwa ni kazi hiyo hiyo.